Filamu za Muhtasari wa Anime: Je, Zina Tija kwa Aliyekwisha Kuutazama Mfululizo?

Mwanafunzi yeyote aliyesomea katika shule za upili za Kenya analikumbuka swali la ufupisho katika karatasi ya pili ya Kiswahili: kifungu kirefu, idadi ya maneno iliyowekewa mpaka, na hofu ya kupoteza alama kwa kuuvuka mpaka huo. Kinachopimwa hapo ni uwezo wa kuitenga hoja na mapambo yake. Zoezi kama hilo hufanywa pia katika anime, yaani sanaa ya vibonzo vya Japani. Mfululizo wa televisheni wenye vipindi 25 au hata 50 hukatwakatwa, ukaunganishwa upya na kuonyeshwa sinemani kama filamu moja, mbili au tatu. Aghalabu picha ni zile zile na kisa ni kile kile. Makala haya yanadhamiria kuchunguza iwapo mtu aliyekwisha kuutazama mfululizo mzima ana sababu ya kuketi tena mbele ya muhtasari wake.

Hapo awali jibu lilikuwa wazi. Mfululizo wa Space Battleship Yamato ulionyeshwa kwa vipindi 26 kati ya 1974 na 1975 bila kuvuta watazamaji wengi. Mwaka wa 1977 vipindi hivyo vilifupishwa kuwa filamu ya saa mbili na ushei, na mashabiki wakapanga foleni nje ya majumba ya sinema. Wakati huo kinasa video kilikuwa kifaa cha wachache. Aliyetamani kukiona tena kisa alichokipenda alilazimika kusubiri televisheni ikirudie, au aende sinema. Filamu ya muhtasari ilikuwa kumbukumbu ya hadhira. Leo mfululizo mzima hupatikana katika diski na katika intaneti, na kazi hiyo ya kukumbusha imepungua thamani. Filamu inayofupisha sharti iwe na jambo jingine la kumpa mtazamaji.

Jambo hilo linaweza kuelezwa kwa istilahi zinazofahamika kwa wanafunzi wa fasihi. Katika kazi yake ya 1972, Mfaransa Gérard Genette aliuchunguza wakati katika usimulizi kwa vigezo vya mpangilio, muda na marudio. Tukio la dakika moja laweza kusimuliwa kwa kurasa kumi, na miaka kumi ikapitishwa kwa sentensi moja. Anayefupisha mfululizo anaugusa muda kwanza, na mara nyingi haendi mbali zaidi ya hapo. Fanani wa ngano naye huufupisha utambaji wake hadhira inapoanza kusinzia. Hata hivyo, fanani hodari hafupishi kila mahali kwa kipimo kimoja. Huruka safari nzima ya msituni kwa pumzi moja, kisha akakawia kwenye wimbo, kwa kuwa anajua kisa chake kinaishi wapi. Mtazamaji wa mara ya pili ana haki ya kumdai mhariri wa filamu ujuzi huo huo.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni Mobile Suit Gundam ya mwelekezi Yoshiyuki Tomino. Mfululizo huu ulianza Aprili 1979 ukiwa umepangiwa vipindi 52, lakini ukakatizwa Januari 1980 ukiwa na vipindi 43, kwa sababu watazamaji walikuwa wachache na mdhamini, aliyekuwa mwuzaji wa vitu vya kuchezea, hakuridhika na mauzo. Umaarufu wake ulikuja baadaye. Filamu tatu zilitolewa, mbili mwaka wa 1981 na ya tatu mwaka wa 1982, zikivibana vipindi hivyo katika muda wa takribani saa saba. Ndege iitwayo G-Fighter, ambayo ilihusiana zaidi na biashara ya vitu vya kuchezea kuliko mahitaji ya msuko, iliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine. Filamu ya tatu nayo ilichorwa upya kwa kiasi kikubwa. Mchoraji mkuu, Yoshikazu Yasuhiko, alikuwa ameugua na kulazwa hospitalini mfululizo ulipokuwa ukikaribia mwisho, na sasa alipata fursa ya kuzitengeneza picha ambazo hakuweza kuzisimamia. Hapa ufupisho ulimrudishia msanii kazi yake. Aliyeutazama mfululizo ndiye hasa awezaye kuyaona mabadiliko hayo na kuyafurahia.

Faida hiyo ilikuja na hasara yake. Kipindi cha 15 kinamhusu Cucuruz Doan, askari aliyelitoroka jeshi la Zeon na kukimbilia kisiwani, ambako anawalea watoto walioachwa yatima na vita. Kwa kigezo cha ploti, kipindi hiki hakisogezi lolote: kikiondolewa, vita vinaendelea vilevile. Ndiyo maana hakimo katika filamu. Lakini kwa kigezo cha maudhui, Doan ni mtu anayethubutu kuuliza kama vita vyenyewe vinastahili kuendelea, na kumfuta ni kulinyamazisha swali hilo. Ufupisho huanza kuwala wahusika wadogo: mpishi, mkimbizi, mama aliyebaki kijijini. Mashujaa na majemadari hubaki. Hadithi ya vita iliyofupishwa hivyo hukaribia kuwa hadithi ya ushindi, hata kama mtunzi hakukusudia. Inafurahisha kutaja kwamba mwaka wa 2022 Yasuhiko huyo huyo alikielekeza kisa cha Doan kikiwa filamu kamili inayojitegemea.

Puella Magi Madoka Magica inaonyesha upande mwingine. Mfululizo huu wa 2011 una vipindi 12 tu. Filamu mbili za Oktoba 2012 zina jumla ya dakika 239, kwa hiyo kilichoachwa ni kidogo mno. Kwa mgeni ni njia nzuri ya kuingia. Kwa aliyekwisha kuutazama mfululizo, tofauti kubwa imo katika mapumziko. Mwishoni mwa kipindi cha tatu mmoja wa wasichana wakuu anauawa ghafla, na mtazamaji wa televisheni aliachwa na mshtuko huo kwa juma zima. Katika filamu, tukio linalofuata linafika kabla mtu hajatanabahi. Taharuki ya mfululizo inategemea pia ukimya ulio baina ya kipindi na kipindi, na ukimya huo hauwezi kuhaririwa ukaingia sinemani. Mwenye muda mchache na aende moja kwa moja kwenye filamu ya tatu, ya 2013, ambayo kisa chake ni kipya.

Kuhusu filamu mbili za Attack on Titan za 2014 na 2015, hakuna mengi ya kusema. Zinakusanya vipindi 25 vya msimu wa kwanza, na zilitoka wakati msimu wa pili, uliofika 2017, ukingali unangojewa. Zina nafasi ile ile ya kitabu cha mwongozo kwa mwanafunzi aliyekwisha kuisoma riwaya teule: zinamkumbusha majina.

Inayovuka mpaka huu ni sehemu iitwayo Death katika filamu ya Evangelion iliyotolewa Machi 1997. Mfululizo wa Hideaki Anno, wa 1995 hadi 1996, ulikuwa na vipindi 26. Death inashughulikia 24 vya kwanza kwa muda wa saa moja na dakika chache, na haijaribu hata kidogo kuvifuata kwa mpangilio. Matukio yanarukiana, kisengerenyuma juu ya kisengerenyuma, yakigawanywa kwa wahusika. Kinachoyaunganisha ni mandhari ya vijana wanne wanaokutana ukumbini kufanya mazoezi ya muziki wa nyuzi, na wanaoufanyia mazoezi ni utungo wa Johann Pachelbel ambamo ala huingia moja baada ya nyingine zikirudia mdundo ule ule. Umbo hilo ni ufafanuzi tosha: kila kijana anaingia na upweke wake, na upweke wa wote ni mmoja. Mfululizo haukuwahi kulisema hilo kwa uwazi kiasi hicho. Mgeni atapotea humu baada ya dakika tano. Filamu hii ilitungiwa anayekumbuka.

Tomino naye alirudi kwenye kalamu yake kwa namna tofauti. Mfululizo wake wa Zeta Gundam wa 1985 hadi 1986, wenye vipindi 50, unaisha kwa kijana shujaa Kamille kurukwa na akili baada ya vita. Katika filamu tatu za 2005 na 2006, picha za kale na mpya zinachanganywa bila kuficha sana viraka, na kasi yake inachosha. Lakini katika dakika za mwisho Kamille anabaki na akili timamu, mikononi mwa msichana anayempenda. Mwelekezi yule yule, baada ya miaka 20, analikana hitimisho lake mwenyewe. Kwa asiyeujua mfululizo, huo ni mwisho mwema wa kawaida. Aliyemwona Kamille wa 1986 akipepesuka gizani ataendelea kumwona nyuma ya huyu anayetabasamu.