Kulala Mlima Kenya na Beshte: Luku ya Toi Itakubeba, Lakini Kichwa Ikianza Kugonga Shukeni

Kama umelelewa Kawangware ama Kibera, baridi unayoijua ni ile ya Julai: unavaa hudi, unasimama kwa base mkiota jiko ya muuza mahindi, inaisha. Maze, ya Mlima Kenya inakupata umelala, na haiulizi umetoka mtaa gani.

Mimi ni wa 46, beshte yangu ni wa Laini Saba. Form yetu ilikuwa tulale mlimani usiku mbili tufike Point Lenana, kile kilele cha mita 4,985 ambacho hukihitaji kamba kukifika. Tulilala moja tukarudi. Wacha nikuelezee, ndio wewe ujipange poa.

Kwanza, achana na ile story ati mlima ni ya wenye doo. Ingia Toi, pale nyuma ya Adams, mapema kabla wasee hawajachagua zote. Unatafuta flisi, jaketi haipitishi maji, soksi za sufu na kofia ya kufunika masikio. Pamba achia mtaa. Ukitoa jasho, pamba inalowa, inakaa ikilowa, na inakunyonya joto usiku mzima. Jinzi ndio mbaya kabisa. Tenga nguo moja kavu ya kulalia tu, usiiguse mchana hata ukishawishika. Na ubebe kagodoro kembamba cha kutandika chini ya mfuko wa kulalia, juu ardhi inakuibia joto kuliko hata upepo. Chupa ya maji ibebe ile ya kutumia tena. Zile za plastiki za kutupa zilipigwa marufuku kwa mbuga tangu Juni 2020.

Mwenye anacheka vitu za mtumba mwambie hii. 1943, Waitaliano watatu waliokuwa wafungwa wa vita Nanyuki walitoroka kambi, si waende kwao, wapande mlima! Walikuwa wameunda vifaa na vyuma chakavu na kamba za mkonge. Mmoja alikuwa mgonjwa akabaki chini kwa hema, wawili wakafika Lenana, Felice Benuzzi akiwa mmoja wao. Kisha wakarudi kambi wenyewe. Hao walikuwa wazimu, lakini unanipata.

Sasa hesabu yenye hatukupiga. Nairobi iko kama mita 1,700 hivi. Geti ya Sirimon, ukitokea Nanyuki, iko 2,650. Kutoka hapo unatembea kilomita 9 hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300. Kila mita 1,000 ukipanda, joto inashuka kama digrii 6. Yaani usiku wa digrii 14 mtaani, huko ni kama 4, na upepo haujaongezwa.

Hiyo baridi tuliiweza. Kilichotumaliza ni hewa. Tulitoka tao asubuhi, jioni tuko 3,300, mwili haujashtuka bado. Saa nane usiku naskia jamaa amekaa, ameshika kichwa. Namuuliza, ananiambia ni usingizi tu. Asubuhi akatapika chai yote. Bado anasema, "Nitakaza, nipee Panadol."

Na ukweli? Karibu nimwachie akaze. Nilikuwa nimeweka chapaa miezi mitatu.

Panadol inaficha maumivu, haikuongezei hewa. Kichwa kugonga pamoja na kutapika ni ugonjwa wa mwinuko, na hapo hupandi hata hatua moja. Tulipima: atembee laini moja kisigino kikigusa vidole, kama mlevi anapimwa. Alipita. Angeyumba, ama akohoe huku hana pumzi hata amekaa, hiyo ni ngori ya kuua, mnashuka saa hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Tulishuka polepole. Kufika geti, jamaa anauliza chapo ziko wapi. Kushuka ndio dawa.

Madaktari wa milima husema ukipita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 za mahali unalala kwa usiku mmoja. Kambi inayofuata, Shipton's, iko 4,200. Hiyo ni kuruka 900! Kwa hivyo lala Old Moses usiku mbili, mchana mpande kidogo mkirudi. Na mkiwa bado mtaani, kabla ya kulipia eCitizen, kubalianeni: mmoja akisema kichwa, wote wanashuka, na hakuna kununiana kwa mathree.

Mimi nilinuna hadi Karatina.

Tunarudi Januari, kukiwa kukavu, siku mbili zaidi. Jumamosi tunachapa Ngong Hills kuzoesha miguu, tunapandia 111 hapo Adams. Flisi yangu ya Toi bado anayo, anasema ataniletea juu.