Mkono wa Kulia, Kijiko na Mjukuu Wangu

Ijumaa iliyopita, baada ya kurudi msikitini, tuliketi mkekani kama ilivyo ada yetu, sinia la wali wa nazi katikati na nguru wa kupaka pembeni. Mwanangu alikuwa amekuja na mkewe na binti yao, mjukuu wangu wa kwanza, ambaye umri wake ni mwaka mmoja na miezi minne. Bibi huyu mdogo hataki tena kulishwa. Akiona kijiko kinamjia hugeuza uso na kufumba mdomo kama kombe. Basi mamake akamtilia mashendea katika kibakuli, akampa kijiko chake mwenyewe. Mtoto akakitwaa. Lakini, msomaji mpenzi, alikitwaa kwa mkono wa kushoto.

Kimya kikatanda. Mama watoto wangu akanyoosha mkono ili akinyakue kile kijiko. Mwanangu akasema, kwa sauti ambayo sikuzoea kuisikia kwake, "Mama, tafadhali mwache." Kisha akanitazama mimi.

Sababu ya kunitazama nitaieleza, ila kwanza na tukisemeshe kijiko chenyewe, maana wapo wazee wenzangu wa barazani wanaodai kwamba kumfunza mtoto kijiko ni kumfunza uzungu. Mkono una ladha yake, wasema, na katika hilo siwapingi. Kula biriani kwa kijiko ni kama kusikiliza taarabu nawe umeziba sikio moja. Lakini je, jikoni kwa nyanya zetu hapakuwa na upawa wa kifuu cha nazi? Hapakuwa na mwiko? Na uji, tangu lini ukaliwa kwa vidole? Na hao Wazungu wenyewe walikula kwa vidole karne nyingi. Mwingereza mmoja, Thomas Coryat, alipoandika katika kitabu chake cha mwaka 1611 kwamba amewaona Wataliani wakishika nyama kwa uma, naye akaanza kuutumia kwao Uingereza, wenzake walimfanyia mzaha. Kwa hiyo tusiugombee wala tusiuogope uma. Ni chombo tu.

Mtoto naye ana daraja zake, kama vile sisi chuoni tulivyoanza na alifu kabla ya kufika juzuu ya amma. Akitimiza miezi sita huanza kuonja chakula pamoja na maziwa ya mamake. Wakati huo hushika vitu kwa kiganja kizima. Kadiri ya mwezi wa tisa, kidole gumba na cha shahada hukutana, akaweza kuokota punje ya wali mkekani (na mdudu pia, kama hukumwangalia). Akikaribia mwaka huanza kukipigania kijiko, na mpaka afike mwaka na nusu hivi, au hata miwili, kingi cha chakula humwagikia kifuani. Hiyo si tabia mbaya. Kifundo cha mkono wake hakijajua kugeuka vizuri.

Mkaza mwanangu ana werevu katika jambo hili, nami nilimtazama kwa makini. Kijiko alichompa mtoto ni kifupi, mpini wake mnene. Chakula kilikuwa kizito cha kung'ang'ania kijikoni. Mashendea, ndizi ya kupondwa, sima laini. Mchuzi mwepesi hampi. Huwa na vijiko viwili, kimoja cha mtoto na kimoja chake, ili baada ya mtoto kujaribu mara kadhaa na kuambulia machache, yeye amtie lake moja bila ya vita. Samaki humchambua miba mwenyewe kwa vidole, mara mbili. Karanga nzima hazikaribii kibakuli hicho, wala mtoto haachwi peke yake akila. Uma butu utakuja baadaye, na kisu baadaye sana.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 juu ya watoto wa miezi 6 hadi 23, linashauri mtoto alishwe kwa kufuata ishara zake na atiwe moyo ajilie mwenyewe. Wengi wetu tulilelewa kinyume chake. Tulilazwa mapajani, uji ukamiminwa kwa kiganja, na aliyefumba mdomo akabanwa pua.

Sasa nirudi kwenye mkono wa kushoto.

Tulipokuwa chuoni, maalim alitusimulia habari za Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Mkono wake ulikuwa ukirandaranda katika sahani. Mtume akamwambia mambo matatu: alitaje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Naye Umar akasimulia kwamba tangu siku hiyo alikula hivyo. Kisa hiki nimekisikia, nimekisoma, nimekifundisha. Katika kisa chote hamna kofi.

Mimi nilitia kofi. Mwanangu huyu, mwaka 1998, alikuwa na miaka minne, na mkono wake wa kushoto ndio uliotangulia katika kila jambo. Nikasema samaki mkunje angali mbichi. Nilimpiga vidole kwa kijiko kilekile alichokuwa akilia, na ilipokuwa haifai nikaufunga mkono ule kwa kipande cha leso ya mamake kila alipoketi kula. Alijifunza kulia, naam. Lakini alijifunza pia kula akiwa amenikodolea macho, na alipokuwa mkubwa kidogo akawa hula jikoni, baada ya sisi kwisha. Nilidhani ni haya ya ujana.

Ijumaa ile, vyombo vilipokwisha kuondolewa, aliniambia, "Baba, leso yenyewe ilikuwa nyekundu." Hakuongeza neno. Nami sikupata la kujibu, mimi ninayeishi kwa maneno.

Karibu mtu mmoja katika kumi ameumbwa hivyo, na mtoto wa umri wa mjukuu wangu bado hubadilisha mikono. Leo huu, kesho huu. Mtoto asiyebaleghe haandikiwi dhambi, na mwenye udhuru wa kweli dini haimbani. Wala mwanangu hajaiacha ada. Huketi ubavuni mwa mtoto, humwekea kijiko upande wa kulia wa kibakuli, hutamka Bismillahi kwa sauti, naye hula kwa mkono wake wa kulia pale mtoto anapoona. Mtoto akikihamishia kushoto, humwacha ale. Kijiko kikianguka, hukirudisha kulia. Ndiyo kazi yote, mara ishirini katika mlo mmoja, bila ya kukunja uso. "Akifikia umri wa kuelewa," aliniambia, "tutamweleza."

Jana walikuja tena. Niliomba niketi mimi ubavuni mwake. Nikaweka kijiko upande wa kulia, nikataja jina la Mola. Alikishika kwa kulia mara mbili, kwa kushoto mara nne, na mara moja kwa mikono yote miwili, mashendea yakaruka hadi kwenye kanzu yangu ya Ijumaa. Mama watoto ameiroweka tangu magharibi.