Je, Wajua? Mowgli Alizaliwa Thelujini

Je, wajua ya kuwa hadithi ya Mowgli, yule mtoto aliyepotezana na wazazi wake akalelewa na mbwa-mwitu katika misitu ya Bara Hindi, haikuandikwa Bara Hindi abadan? Rudyard Kipling, mzaliwa wa Bombay, aliianza majira ya baridi ya mwaka 1892 katika nyumba ndogo ya kupanga huko Vermont, Marekani, ilhali theluji nje imerundikana hata kufikia kizingiti cha dirisha. Na kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1894, baadhi ya picha zake zikichorwa na babake mzazi. Lakini lililo zito zaidi, kwa rai yangu, ni kwamba Kipling mwenyewe, kabla ya kutimiza miaka sita, alipelekwa Uingereza akaachwa mikononi mwa watu asiowajua, wazazi wake wakarejea Hindi, naye akaishi kwa dhiki katika nyumba ya watu hao zaidi ya miaka mitano. Ukiwa aliujua barabara. Na ndiyo maana, nadhani, Baloo dubu na Bagheera chui mweusi humpa Mowgli ilimu na mapenzi, ilhali wanakijiji humfukuza kwa mawe.