Nardo, kaharabu na moyo unaodunda ovyo

Mwaka 2012 jarida la Heart Rhythm lilichapisha kazi ya watafiti wa maabara moja katika mji mdogo wa Utica, jimbo la New York. Walichukua vipande vya moyo wa mbwa vilivyoendelea kudunda nje ya mwili kwa kulishwa maji yenye virutubisho kupitia mishipa yake. Kwa kawaida vipande hivyo vikichokozwa kwa kemikali na umeme, vyumba vya juu vya moyo huanza kutetemeka bila mpango. Safari hii watafiti walitia kwenye maji hayo dawa ya mitishamba inayouzwa China kwa jina la Wenxin Keli, na dawa ikauzuia mtetemo.

Nchini China dawa hiyo si ngeni. Imeidhinishwa na serikali kwa wagonjwa wa mapigo ya moyo yasiyo sawa, nao huikoroga katika maji ya moto na kunywa mara tatu kwa siku. Ndani yake mna vitu vitano. Vitatu ni mizizi maarufu katika tiba ya Kichina: dangshen, huangjing, na sanqi ya jimbo la Yunnan. Cha nne ni kaharabu, utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe, ambao huku kwetu tunaujua kwa tasbihi na shanga. Cha tano ni gansong, mmea wenye harufu kali unaoota juu katika milima ya Himalaya. Mmea huo ni wa jamii ya nardo, ile ile ya marhamu ya thamani inayotajwa katika Injili.

Ili kuelewa mchanganyiko huo unafanya nini, inabidi kwanza kuutazama moyo kama kiungo cha umeme. Kila pigo huanzia kwenye kituo kidogo cha seli kilicho juu, upande wa kulia. Umeme wenyewe unatokana na chumvi: chembe za sodiamu huingia kwa kasi ndani ya seli kupitia vijilango vya protini, seli ikashtuka, ikamshtua jirani yake, na wimbi likasambaa moyo mzima kwa sehemu ndogo ya sekunde. Vyumba vya juu hubana, kisha vya chini.

Katika ugonjwa ambao madaktari huuita fibrilesheni ya atria, mpango huo huvunjika. Seli za vyumba vya juu hushtuka kila moja kwa wakati wake, kama wavuvi wanaovuta juya bila wimbo wa kuwaunganisha: nguvu zinatumika, lakini wavu hauji. Mgonjwa huhisi moyo unakwenda mbio, anachoka, anaishiwa pumzi, na wengine hawahisi chochote kabisa. Hatari kubwa iko kwenye damu inayotuama katika pembe za vyumba hivyo. Damu iliyotuama huganda, na bonge likichomoka na kufika kwenye ubongo, mtu anapata kiharusi.

Dawa nyingi za kutuliza mapigo hubana vijilango vya sodiamu. Tatizo ni kwamba vyumba vya chini, vinavyosukuma damu mwilini, navyo vinavitumia vijilango hivyo hivyo. Ukivibana vya chini kupita kiasi unaweza kuua. Mwaka 1989 utafiti mkubwa wa Marekani uliojulikana kama CAST ulionyesha jambo hilo kwa uchungu. Wagonjwa waliokwisha kupata shambulio la moyo walipewa flecainide au encainide, dawa ambazo kwenye kipimo cha umeme wa moyo, ECG, zilipunguza sana mapigo ya ziada. Karatasi ya kipimo ilipendeza, lakini waliomeza dawa hizo walikufa wengi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa kabla ya wakati wake.

Hapo ndipo matokeo ya Utica yanapovutia. Kijilango cha sodiamu kina hali tatu: kimefungwa lakini kiko tayari, kiko wazi, au kimejifunga baada ya kazi na hakiwezi kufunguka kwa muda. Seli za vyumba vya juu, hata zikiwa zimetulia, umeme wake wa ndani si hasi sana kama ule wa seli za chini, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa zaidi ya vijilango vyake hubaki katika hali ile ya tatu. Dawa inayopenda kushika kijilango kilichojifunga itapata pa kushika zaidi juu kuliko chini. Wenxin Keli ilifanya hivyo. Ilipunguza mkondo wa sodiamu katika vyumba vya juu zaidi kuliko vya chini, tabia ambayo watengenezaji wa dawa wameitafuta kwa makusudi kwa miaka mingi.

Wanaodharau kila kitu kinachoitwa mitishamba wanapaswa kukumbuka kisa cha kwinini. Mnamo 1912 mfanyabiashara mmoja Mholanzi alimwambia daktari wa moyo Karel Wenckebach kwamba anaweza kuyarudisha mapigo yake sawa kwa kumeza kwinini, dawa ya malaria aliyoizoea safarini. Daktari hakuamini, mgonjwa akarudi kesho yake na moyo uliotulia. Wenckebach aliandika habari hiyo mwaka 1914, na mwaka 1918 daktari Walter Frey akaonyesha kwamba kwinidini, ndugu wa kwinini kutoka magome ya mti ule ule, ina nguvu zaidi kwa moyo. Magome ya mti uliopandwa pia Amani katika Usambara, na Kivu, yakazaa mojawapo ya dawa za kwanza za kutuliza mapigo. Dawa mseto yetu ya malaria nayo ina kemikali iliyotengenezwa kutokana na artemisinini, ambayo Tu Youyou na wenzake waliitoa kwenye mmea baada ya kusoma vitabu vya kale vya Kichina.

Lakini kwinidini ilipata heshima yake kwa kupimwa, na ilipopimwa zaidi ikagundulika kwamba inaweza yenyewe kuanzisha mapigo ya kuua. Kwa Wenxin Keli, majaribio mengi kwa binadamu yamefanyika China, yakiwa madogo na yenye kasoro, na waliochambua majaribio hayo kwa pamoja wamelalamikia ubora wake. Dawa nyingine ya mitishamba ya Kichina, Shensong Yangxin, imepata jaribio la maana zaidi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2024 katika European Heart Journal: wagonjwa 920 waliochomwa ndani ya moyo ili kuondoa mtetemo, nusu wakapewa dawa na nusu vidonge vinavyofanana visivyo na dawa. Baada ya mwaka, asilimia 85.5 ya waliopewa dawa hawakupata mtetemo tena, dhidi ya asilimia 77.7 ya wengine. Kwangu huo ni ushahidi wa kuheshimiwa. Hata hivyo ni wa nchi moja, na kwa wagonjwa ambao tayari wamepata tiba ghali ambayo wengi wetu hatuifikii. Baada ya CAST, ninachotaka kuona ni hesabu ya viharusi na vifo, zaidi ya mistari iliyonyooka kwenye karatasi.

Tena, tiba hiyo hiyo ya Kichina ina mmea unaofanya kinyume. Mizizi ya akoniti, inayotumika kwa maumivu ya viungo, ina sumu inayovizuia vijilango vya sodiamu visijifunge. Isipochemshwa vya kutosha, moyo huingia katika mapigo ya vurugu na mtu anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Kwa Afrika Mashariki jambo linaloniumiza zaidi ni warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Wagonjwa wengi wa fibrilesheni hapa ni vijana, wengi wao wanawake, ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa aina hiyo katika nchi 24, zikiwemo za Afrika, ulionyesha kwamba dawa za kundi la warfarin zinawalinda vizuri kuliko rivaroxaban, dawa mpya zaidi. Sasa danshen, mzizi mwekundu uliomo katika dawa nyingi za moyo za Kichina, huongeza nguvu ya warfarin hadi mtu akavuja damu. Jina lake linakaribiana na dangshen iliyomo katika Wenxin Keli, lakini ni mmea mwingine kabisa, na mteja anayesoma pakiti kwa haraka anaweza kuchanganya.

Kwa hiyo anayetumia warfarin na ameletewa dawa ya mitishamba, iwe ya Kichina au ya hapa nyumbani, asiifungue kwanza. Aende nayo kliniki ikiwa kwenye pakiti yake, amwonyeshe daktari maandishi yote, na kama daktari ataruhusu, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kirudiwe ndani ya siku chache badala ya kusubiri tarehe ya mwezi ujao. Fizi zikitoa damu, mkojo ukiwa mwekundu au kinyesi kikiwa cheusi kama lami, asingoje kipimo: aende hospitali saa hiyo hiyo.