Elimu ya Bia: Kimea katika Eli Nyekundu (Sehemu ya Tatu)

Sehemu mbili zilizotangulia zilieleza jinsi shayiri inavyolowekwa, ikaoteshwa na kukaushwa mpaka ikawa kimea, kazi ambayo aliyepata kuona ulezi ukioteshwa kwa ajili ya togwa au mbege anaifahamu vya kutosha. Sehemu hii inahusu bia ambayo kimea ndicho kinachotawala ladha yake, nayo ni eli nyekundu ya Ayalandi. Eli ni bia inayochachushwa kwa hamira ipendayo joto la wastani, kati ya digrii 15 na 24 hivi za Selsiasi, ilhali hamira ya laga hufanya kazi polepole katika baridi. Kwa kuwa bia nyingi za chupa zinazouzwa Afrika Mashariki ni laga, mnywaji wa huku aghalabu huiendea eli akitarajia ubaridi mkali na wepesi, akaiona nzito kabla hajaionja sawasawa.

Wekundu wa bia hii hautokani na tunda wala rangi ya kutiwa. Sehemu kubwa ya nafaka yake ni kimea cheupe cha kawaida, kisha huongezwa vitu viwili kwa kiasi kidogo. Cha kwanza ni kimea cha karameli, ambacho hupashwa moto kikiwa bado kibichi, kwenye digrii 65 hadi 70 hivi, ili wanga ugeuke sukari humo humo ndani ya punje, halafu moto ukaongezwa hadi sukari hiyo ikaiva na kuwa kahawia. Cha pili ni shayiri isiyooteshwa, iliyokaangwa hadi ikakaribia weusi, nayo haizidi sehemu chache katika kila 100 za nafaka yote; kiasi hicho kidogo ndicho kinachotia mng'ao mwekundu kama wa shaba, na kikizidishwa bia huingia weusi. Kukaanga nafaka bila kuiunguza wala kuitia moshi kulirahisishwa mwaka 1817, pale Daniel Wheeler wa Uingereza alipopewa hataza ya pipa la chuma linalozunguka juu ya moto, chombo kinachofanana sana na kile cha kukaangia kahawa. Hata hivyo, sheria za kodi ya kimea ziliwazuia watengenezaji kutumia nafaka isiyooteshwa, na kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1880, kodi ilipohamishiwa kwenye bia yenyewe.

Kiwanda kinachotajwa zaidi katika habari za bia hii ni cha Smithwick's, kilichoanzishwa mjini Kilkenny mwaka 1710 na kufungwa mwaka 2013, utengenezaji ulipohamishiwa Dublin. Jina lenyewe la eli nyekundu, lakini, lilivuma zaidi kupitia bia iliyopewa jina la George Killian Lett, ambaye kiwanda cha ukoo wake huko Enniscorthy kilifungwa mwaka 1956. Kampuni ya Coors ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1981, nayo, kwa kichekesho cha historia, huitengeneza kama laga.

Kosa linalorudiwa sana katika kuionja ni kudhani kwamba bia yenye kimea kingi ni bia tamu. Mwongozo wa majaji wa bia wa Marekani, unaofahamika kwa kifupi cha BJCP, unaeleza kuwa uzito wa maji ya kimea kabla ya kuchachushwa ni 1.036 hadi 1.046, maji matupu yakihesabiwa 1.000, na kwamba baada ya kuchachuka hushuka hadi 1.010 au 1.014, maana yake ni kwamba kipimo hicho cha sukari hupungua kwa takriban sehemu saba katika kumi, na kilevi hufikia asilimia 3.8 hadi 5.0. Kinachodhaniwa kuwa utamu kwa hiyo ni harufu kwa sehemu kubwa. Anayetilia shaka na aizibe pua kwa vidole, apige funda moja na kulituliza mdomoni: ulimi utatambua utamu hafifu, uchungu wa wastani na mchomo wa gesi, basi. Akiiachia pua na kutoa pumzi, papo hapo hujitokeza karameli, biskuti na ganda la mkate uliookwa, kwa sababu mvuke wa bia hupanda puani kwa njia ya kooni. Harufu hizo huzaliwa wakati sukari na asidi za amino zinapokutana katika joto, tendo lililoelezwa mwaka 1912 na Mfaransa Louis-Camille Maillard.

Baada ya kumeza ndipo shayiri iliyokaangwa inapojitambulisha, kwani hukausha mdomo na kuacha ukavu kama wa kahawa nyepesi, na ukavu huo ndio unaomfanya mnywaji atamani funda la pili. Eli nyekundu isiyokuwa nao, hata ikiwa na rangi ya kupendeza, ni kazi iliyoishia njiani.

Ubaridi wa barafu huzuia mvuke huo kupanda, ndiyo maana bia hii inafaa kunywewa ikiwa na digrii 7 hadi 12, katika glasi isiyojazwa hadi ukingoni. Ikinuka siagi kupita kiasi, kuna diasetili, kemikali ambayo hamira haikupewa muda wa kuisafisha. Ikinuka kadibodi iliyolowa, imeingiwa na hewa au imekaa sana dukani. Vyakula vinavyoafikiana nayo, nyama choma ikiwa ya kwanza, vitazungumziwa katika sehemu ya nne.