MAELEZO KUHUSU KINGA YA KAMBA WANAOFUGWA MABWAWANI

Mwananchi aliyezoea kuchanja kuku wake dhidi ya mdondo hana budi kuelezwa mapema, kabla hajatia fedha yake katika bwawa, kwamba utaratibu huo haufai kwa kamba. Kuku, ng'ombe na binadamu hutengeneza kingamwili, ambazo humtambua adui aliyewahi kuingia mwilini. Kamba hana kingamwili. Silaha zake ni zile alizozaliwa nazo.

Ya kwanza ni gamba. Bakteria wakipenya, aghalabu palipo na jeraha au kamba anapojivua, hukutana na damu isiyokuwa nyekundu, kwani hubeba hewa kwa shaba badala ya chuma. Damu hiyo huganda upesi. Chembe zilizomo huwameza bakteria, na wakizidi huwazingira wakawa fundo. Kisha kimeng'enya kiitwacho fenoloksidezi huwafunika kwa weusi. Weusi unaoonekana kichwani mwa kamba aliyechelewa kuuzwa sokoni hutokana na kimeng'enya hicho hicho, nao wenyewe si maradhi. Mwaka 1997 wataalamu walitangaza pia protini ndogo ndogo zinazoua bakteria, wakaziita penaeidini.

Hata hivyo, kinga hiyo ina mpaka. Maradhi ya kuharibika ghafla kwa ini la kamba yalidhihirika China mwaka 2009, yakaenea Vietnam na Thailand, na mwaka 2013 yakaripotiwa Mexico. Vifaranga hufa katika siku 30 hivi za mwanzo, na bwawa zima huweza kuteketea. Mwaka 2013 Profesa Donald Lightner wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, pamoja na wenzake, walibainisha chanzo chake, nacho ni bakteria Vibrio parahaemolyticus, wa jamii moja na yule wa kipindupindu. Bakteria huyo hukaa tumboni, ilhali sumu yake ndiyo inayofika kwenye ini. Hivyo chembe za damu huwa hazijamkuta adui wakati madhara yamekwisha kutendeka.

Kumwaga antibaiotiki bwawani huzoesha bakteria dawa na huacha masalio katika nyama. Lililo mikononi mwa mfugaji ni maji. Hewa ikipungua, au amonia ikizidi kwa sababu ya chakula kilichobaki, chembe za damu za kamba hupungua. Chakula kitolewe kwa kiasi, na vifaranga wapimwe kabla ya kupandikizwa, kwani kipimo cha kutambua jeni za sumu hiyo kipo.