Somo la Redio: Diski Kubwa na Kibanio Chake

Leo tujifunze breki za gari.

Kutoka Kasense, Sumbawanga, hadi Ziwa Rukwa, gari hushuka zaidi ya mita 800. Pedi za breki hubana diski, yaani sahani ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Msuguano huleta joto. Joto likizidi, breki hukosa nguvu.

Diski kubwa hustahimili joto zaidi. Lakini msibadilishe diski peke yake. Kalipa, yaani kibanio chenye pedi, lazima isogezwe mbali kidogo na kitovu cha gurudumu, pedi zishike diski sawasawa. Tena rimu iwe na nafasi. Kalipa ya alumini ni nyepesi, lakini wepesi hautengenezi kipimo kibaya.

Hata hivyo, mteremkoni tieni gia ndogo, injini nayo izuie gari.

Kwaherini.